Karani wa pili yuko wapi?

Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi Oktoba, mkulima wa Mtua, huko Nachingwea, hupeleka magunia yake kwenye chama cha msingi. Yanapimwa, yanapelekwa ghala kuu, naye anarudi nyumbani na kipande cha karatasi. Tangu hapo korosho zake zimekuwa tarakimu. Kuanzia msimu wa 2024/2025, minada ya RUNALI, yaani chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, inaendeshwa kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, ambako wanunuzi hutia bei zao kwa kompyuta. Malipo nayo hupitia benki.

Mkulima mmoja aliniuliza swali ambalo wataalamu wengi hawapendi kuulizwa: je, mashine hiyo ikifa siku ya mnada? Jibu la kawaida ni kwamba nakala ipo. Leo nataka tulipekue kidogo neno hilo, nakala, maana linabeba mambo yasiyofanana.

Chukulia karani wa ghala. Kabatini ana leja kubwa, na kila akiulizwa jambo inabidi ainuke, afungue, atafute. Kwa hiyo mezani ameweka daftari dogo lenye kurasa zinazoulizwa kila saa. Kompyuta hufanya hivyo hivyo. Leja ni diski. Daftari la mezani ni majedwali yaliyonakiliwa kwenye kumbukumbu ya muda, ambayo hujibu haraka kupita diski mara nyingi sana. Lakini umeme ukikatika, daftari hilo hufutika lote. Tena lisipofanyiwa marekebisho kila mara, hupitwa na wakati. Nachingwea kuna kata inaitwa Stesheni, jina la tangu enzi za reli ya mradi wa karanga wa Waingereza. Reli ilifungwa miaka ya mwanzo ya 1960. Jina lingalipo, treni hakuna. Ndivyo lilivyo daftari lisilosahihishwa.

Mtu atasema, daftari likifutika si leja ipo? Ipo, ila foleni yote iliyokuwa inahudumiwa mezani sasa inahamia kabatini kwa mpigo, na leja iliyokuwa nzima inalemewa, inasimama. Ndiyo sababu daftari la mezani nalo linahitaji karani wa pili, mwenye daftari lake linalofuatana na la kwanza, neno kwa neno.

Na hapa ndipo penye fedha za mkulima. Karani wa pili anaweza kuandika kwa njia mbili. Ya kwanza: karani mkuu hampi mkulima stakabadhi mpaka mwenzake aitikie, "nimeandika." Ni salama, lakini ni ya polepole, na mwenzake akichelewa wote wanangoja. Ya pili: mkuu anatoa stakabadhi palepale, kisha anampelekea mwenzake habari baadaye kidogo. Ni ya haraka, ila mkuu akianguka katikati, magunia ya dakika zile za mwisho hayamo kwa yeyote. Mkulima ana karatasi, mashine haimjui. Kwa picha au hotuba hilo linavumilika. Kwa uzito wa korosho halivumiliki hata kidogo, na nashangaa kuona zabuni za mitambo zinataja bei na rangi ya kioo bila kusema ni njia ipi kati ya hizo mbili itatumika.

Sasa, karani wa pili atajuaje kwamba wa kwanza amekufa? Mashine hizo hupeana ishara kila baada ya sekunde chache, kama mapigo ya moyo. Mapigo yakikoma, wa pili anashika usukani. Lakini huenda wa kwanza hakufa. Waya tu ndio umekatika. Basi kila mmoja anajiona ndiye mkuu, na ghala moja linauzwa mara mbili. Dawa yake ni kuweka wa tatu, ili asiyeungwa mkono na walio wengi ajiondoe mwenyewe.

Halafu kuna suala la mahali. Mwezi Mei 2024 sisi wa kusini tulifundishwa mara mbili. Mwanzoni mwa mwezi, kimbunga Hidaya na mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi, huko Somanga, Kilwa. Njia iliyobaki ilikuwa ya kuzungukia Songea, Tunduru na Masasi; ndefu, lakini ipo. Tarehe 12 mwezi huo huo mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu kwa wakati mmoja huko pwani ya Afrika Kusini, na intaneti nchini ikazorota vibaya. Mikongo ilikuwa miwili, kweli, lakini ilipita bahari ile ile. Mashine mbili zilizo chumba kimoja, zinazokula umeme wa jenereta moja, ni kama hizo.

Kwa hiyo katika mkutano mkuu wa chama, wanachama wana haki ya kuuliza mambo manne: mashine ya pili iko jengo gani, inaandika kwa njia ipi kati ya zile mbili, nani wa tatu, na lini mara ya mwisho ile ya kwanza ilizimwa makusudi, watu wakitazama saa, kuona ya pili inachukua muda gani kuamka. Jaribio hilo lifanyike Agosti, mikorosho ikiwa bado na maua na korosho zikiwa hazijafika ghalani.