Bega la Mchezaji wa Kiti cha Magurudumu: Tupime Mzigo Kabla ya Maumivu

Mada kwa semina ya wachezaji, makocha na mafundi, Kiringye

Nitazungumzia kiungo kimoja tu.

Mchezaji anayetembea akiumia goti, hupumzika, na mikono yake huendelea kumhudumia. Anayetumia kiti cha magurudumu akiumia bega hukosa mchezo, na siku hiyohiyo hukosa njia ya kufika sokoni, chooni na kitandani. Bega lake ndilo mguu wake. Kungoja liume ndipo tutafute dawa ni kumchelewesha mtu huyu.

Bega limeumbwa ili mkono ufike mbali. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, lakini kikombe kinachokipokea ni kidogo na hakina kina. Kinachokishika mahali pake hasa ni misuli minne midogo pamoja na kano zake. Kusukuma magurudumu hujenga misuli ya kifua na ya mbele ya bega, huku ile ya nyuma, inayougeuza mkono kwenda nje, ikibaki dhaifu. Hapo kichwa cha mfupa hupanda, na kano hubanwa chini ya paa la mfupa lililo juu yake. Na jambo hili hurudiwa mara nyingi: msukumo mmoja kwa sekunde, kwa nusu saa tu, ni misukumo 1,800.

Hatuwezi kulifungua bega la mtu anayekimbiza kiti ili tuone kano imebanwa kiasi gani. Ndiyo maana wataalamu hujenga bega la hesabu. Wanapiga picha za video, wanapima pembe za bega, kiwiko na kifundo cha mkono, wanapima nguvu ya kiganja kwenye pete ya gurudumu, kisha kompyuta inakadiria kila msuli umebeba nini. Mwaka 1994 Frans van der Helm wa Delft, Uholanzi, alichapisha modeli ya bega ya namna hiyo, nayo imetumika sana kuchunguza watumiaji wa viti vya magurudumu. Leo kuna OpenSim, programu ya bure iliyotoka Chuo Kikuu cha Stanford.

Modeli hizo zimetuonyesha mambo ambayo macho hayakuyaona. Kujiinua kwa mikono kutoka kitini hulilemea bega zaidi kuliko kusukuma kiti mahali tambarare. Kwa hiyo kocha anayehesabu dakika za mazoezi peke yake amesahau mara ngapi mchezaji wake amejiinua kuhamia kitandani au kupanda pikipiki. Na kuna jambo linalonifurahisha zaidi: kuzungusha pedali za mikono hulibebesha bega mzigo mdogo kuliko kusukuma pete. Ile kinga, yaani baiskeli ya magurudumu matatu ya pedali za mikono, ambayo walemavu wa Goma huvushia mizigo mpaka wa Gisenyi, ni msaada mkubwa kwa mchezaji. Aje nayo mazoezini, aende nayo nyumbani. Pete aiache kwa uwanja.

Sasa tuje kwenye udongo wetu. Tambarare ya Ruzizi humdanganya mtu kwa usawa wake, akadhani ni rahisi kwa kiti. Maabara ina sakafu laini. Sisi tuna vumbi la kiangazi, na mvua ikinyesha, tope. Tofauti hiyo tunaweza kuipima kwa utepe wa fundi na saa ya simu. Sukuma kiti, acha mikono, hesabu sekunde na mita mpaka kisimame. Zidisha mita kwa 2, gawanya kwa sekunde zilizozidishwa kwa zenyewe, kisha zidisha kwa kilo za mtu na kiti chake.

Tuseme ni kilo 80. Kwenye saruji kikienda mita 20 kwa sekunde 20, ukinzani ni nyutoni 8. Kwenye mchanga kikisimama baada ya mita 2 na sekunde 2, ni nyutoni 80. Mara kumi! Na mikono hushika pete kwa sehemu tu ya kila mzunguko, kwa hiyo kila msukumo lazima ulipe pia muda ambao mikono inarudi nyuma. Kijana anayefanya mizunguko ileile ya uwanja mchangani na kwenye saruji hajafanya zoezi moja.

Mafundi wa kuchomelea, nanyi nina ombi. Msichomelee ekseli mahali pamoja. Wekeni bamba lenye matundu kadhaa, ili ekseli isogezwe mbele kidogo kidogo kadiri mwenye kiti anavyozoea. Ikisogea mno kiti kitapinduka nyuma, basi ongezeni vigurudumu vya kuzuia. Kiganja kikiwa juu kabisa ya pete, pembe ya kiwiko, kati ya mkono wa juu na kigasha, iwe nyuzi 100 hadi 120. Picha ya simu kutoka ubavuni inatosha kupimia. Msukumo uwe mrefu na laini, na mkono ukirudi ushuke chini ya pete, usipande juu yake.

Makocha, ili kuimarisha ile misuli ya nyuma ya bega, kateni mpira wa ndani wa baiskeli, muufunge mlangoni: kiwiko kibaki ubavuni, mkono uvutwe kwenda nje, polepole. Na mwulizeni kila mchezaji kila wiki: bega linauma ukilala? Ukipanda mteremko? Ukiinua kitu juu ya kichwa? Maswali haya yanafanana na yale ya orodha ya maswali 15 iliyotungwa na Kathleen Curtis na wenzake mwaka 1995. Yaandikeni kwenye daftari, kwa sababu vijana wetu huficha maumivu wasije wakaachwa nje ya timu.

Mchana tutatoka na viti vitatu: kwanza kwenye saruji hii, kisha barabarani, mwisho kwenye nyasi. Kila kundi lichague mwenye utepe, mwenye saa na mwandishi.