Bei ya Kujiamulia: Dar es Salaam Katika Mvutano wa Mataifa Makubwa



Wahenga walisema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi, na wengi wetu tumeisoma Vita Baridi kwa jicho hilo: Washington, Moscow na Beijing wakishindana, sisi tukikanyagwa. Hoja yangu ni kwamba Dar es Salaam haikuwa nyasi. Ilijichagulia marafiki, na bei yake ililipa ikijua.

Tuanzie Mtaa wa Lumumba, ilipokuwa ofisi ya chama cha TANU tangu mtaa huo ukiitwa New Street. Patrice Lumumba aliuawa Januari 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru, na kifo chake kilionyesha yanayoweza kuipata nchi changa wakubwa wanapoigombania. Hata hivyo FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kiliundwa jijini humu Juni 1962, na mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ikafanya makao yake hapa. Ureno, mkoloni wa Msumbiji, ilikuwa mwanachama wa NATO, hivyo wapigania uhuru walitafuta silaha kwa nchi za kikomunisti. Kuwapokea hakukutufanya Wakomunisti. Ujamaa wa Azimio la Arusha la 1967 Mwalimu Nyerere aliujenga juu ya udugu wa Kiafrika. Hakuujenga juu ya vita vya matabaka.

Bei ilianza kudaiwa mwaka 1965. Ujerumani Magharibi haikutaka Ujerumani Mashariki iwe na uwakilishi wowote nchini. Serikali yetu ilipokataa kupangiwa, serikali ya Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wa kijeshi, na Mwalimu akaiambia ichukue na uliobaki. Desemba mwaka huohuo tulivunja uhusiano na Uingereza kwa kutouzima uasi wa walowezi weupe wa Rhodesia, tukapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5.

Kisha ikaja reli ya kwenda Zambia. Benki ya Dunia iliona haina faida. China ikakubali, mkataba ukasainiwa Beijing Septemba 1967, kwa mkopo usio na riba. Reli ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi ilikabidhiwa Julai 1976. Lakini mishahara na mahitaji ya ndani yalilipwaje? Sehemu kubwa ya mkopo ilikuja kwa njia ya bidhaa za China. Mashirika yetu ya umma ya biashara yaliziuza madukani, na fedha zilizopatikana zikaingia kwenye ujenzi. Mwananchi aliyenunua bidhaa hizo alikuwa mchangiaji wa reli. Na wakati huohuo Marekani ilikuwa ikigharimia barabara ya kwenda Zambia. Huko ndiko kutofungamana na upande wowote: kupokea kwa kila mwenye nia njema bila kumkabidhi yeyote maamuzi.

Leo China imerudi sokoni Kariakoo kupitia makontena ya wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou, na mataifa makubwa yanashindana tena kwa bandari, reli na madini. Kizazi cha 1965 kilijua kinachopoteza na kwa nini. Nasi tudai vivyo hivyo: kila mkataba mkubwa ujadiliwe wazi bungeni na vyuoni, masharti yake yaandikwe kwa Kiswahili, na wananchi waambiwe bei yake kabla ya kalamu kushikwa.