Risasi Haitaji Jina la Mwenyewe

Lugha yetu imelipa jina moja dini lile zito na kile kitokacho kwenye mtutu wa bunduki: risasi. Juma hili nazungumzia yote mawili kwa pamoja, maana yaliwahi kuwapeleka watu gerezani.

Tangu miaka ya 1960, maabara ya FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilikuwa ikipima risasi zilizookotwa mahali pa uhalifu. Risasi ya bunduki ina mchanganyiko. Ndani yake mna aseniki, antimoni, bati, shaba, bismuthi, fedha na kadimiamu, kwa viwango vidogo mno. Wapimaji walivilinganisha viwango hivyo na vya risasi zilizokutwa kwa mshukiwa. Vikifanana, wako wataalamu waliosimama mahakamani wakasema zimetoka katika boksi moja.

Mwaka 2004 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti. Liliona kwamba kipimo chenyewe ni kizuri. Kasoro ilikuwa katika maana iliyotolewa. Kiwandani dini hilo huyeyushwa kwa wingi. Myeyusho mmoja waweza kutoa risasi ndogo 12,000, au hata milioni 35, zote zisizotofautika. Tena boksi moja laweza kuwa na risasi za miyeyusho mbalimbali. Basi neno "zimefanana" lina uzito gani?

Septemba 1, 2005, FBI iliacha kipimo hicho. Ilikuwa imekwisha kukitumia katika kesi zipatazo 2,500 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilieleza kuwa ni chini ya asilimia 20 tu ya matokeo yaliyofikishwa mahakamani. Hata hivyo, hayo ni mamia ya kesi, na nyuma ya kila kesi yupo mtu.

Mnaukumbuka mkasa wa Napoleon, aliyefariki mwaka 1821? Nywele zake zilikutwa na aseniki nyingi, watu wakasema alilishwa sumu. Mwaka 2008 wanasayansi wa Italia walipima pia nywele zake za utotoni, na za watu wengine wa zama zile. Aseniki ilikuwa nyingi kote.

Sisemi maabara zifungwe. Kipimo hiki kina nguvu kubwa katika kumtoa mtu hatiani: viwango vikipishana sana, vitu hivyo havikutoka chungu kimoja. Lakini vikilingana, mtaalamu aulizwe swali moja: je, viko vingapi vingine vinavyofanana na hiki? Asipokuwa na jibu, hakimu asimsaidie kulibuni. Mashine hupima kiasi cha shaba na bati. Nani alifyatua, hilo haiwezi kulipima.