Oili Isiyoonekana

Mazungumzo yetu na vikundi vya kujisaidia, Njoro



Leo hatukuja kuhubiri. Tumekuja na spana, faneli na ndoo kuukuu. Tumekuja pia na aibu yetu, maana haya tutakayowaambia tuliyajua baada ya kuumia.

Kikundi chetu kina pikipiki ya magurudumu matatu, ile ya kubebea mizigo. Tuliinunua ikiwa imeshatumika. Hubeba viazi kutoka upande wa Mau Narok kuteremka Njoro, na siku nyingine hubeba maji na mbolea. Oili ya injini tulikuwa tukiibadilisha kwa wakati. Kila mtu aliijua, kwa sababu ina mahali pake pa kuipimia. Lakini huko nyuma, katikati ya magurudumu mawili, kuna oili nyingine. Hiyo hatukuwahi kuiuliza hali.

Msimu mmoja wa kupanda, kijana wetu dereva alituambia difu inalia. Tukamjibu, "Ni barabara tu." Wiki iliyofuata akasema tena. Tukamwambia pesa hakuna, avumilie kidogo. Haikuchukua siku nyingi, difu ikakwama njiani ikiwa na magunia ya mbegu za viazi, na mvua inanyesha. Kuna wanachama ambao mbegu zao ziliharibika, wakapanda kwa kuchelewa.

Na sisi wa kamati tulifanya nini? Tulimkata yule kijana mshahara, ati ameendesha vibaya. Fundi alipofungua difu, akakuta oili nyeusi, nzito, imechanganyika na unga wa chuma. Meno ya gia yalikuwa yameliwa. Akatuuliza, "Hii ilibadilishwa lini?" Tukatazamana. Hakuna aliyejua.

Sasa tuelewane kwanza jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi. Bodaboda nyingi huvutwa na cheni. Cheni ikikauka unaiona, ikilegea unaisikia. Pikipiki ya shafti haina cheni. Ina chuma kirefu kinachozunguka kutoka kwa injini hadi nyuma. Si jambo geni: BMW walitengeneza pikipiki ya shafti, R32, mwaka wa 1923. Shafti huzunguka kufuata urefu wa chombo, lakini gurudumu huzunguka kwenda mbele. Kwa hivyo lazima kuwe na gia mbili za kugeuza ule mzunguko, ndogo na kubwa. Meno yake husagana kwa nguvu nyingi, hasa mkiwa na mzigo mlimani. Kinachoyatenganisha ni utando mwembamba wa oili, basi. Utando huo ukiisha nguvu, chuma hula chuma.

Oili huharibika kwa joto, kwa unga wa chuma, na kwa maji. Mkivuka kijito difu ikiwa moto, hupoa ghafla na kuvuta maji ndani kupitia sili iliyochakaa au tundu la kupumulia. Tundu hilo likizibwa na matope, joto husukuma oili itoke kwenye sili. Mkiona magurudumu ya nyuma yamelowa oili, msifute tu na kuendelea.

Haya, tufanye kazi yenyewe. Wale walio nyuma, sogeeni.

1. Endesheni chombo kidogo kwanza ili oili ipate moto na iweze kutoka na uchafu. Isiwe moto wa kuunguza.

2. Simamisheni mahali tambarare, zimeni injini na mzuie magurudumu kwa mawe. Pangusani vumbi pembeni mwa bolti. Vumbi letu la huku ni laini kama unga, huingia upesi.

3. Fungueni bolti ya juu, ya kujazia, kabla ya ile ya chini. Msikosee hapa. Mkimwaga oili yote kisha bolti ya juu ikatae kufunguka, mmebaki na chombo kisichoweza hata kwenda kwa fundi.

4. Fungueni ya chini, oili ishuke ndani ya ndoo. Itazameni. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Unga laini wa kijivu kidogo ni kawaida. Vipande vya chuma si kawaida, mwiteni fundi.

5. Safisheni bolti ya chini, wekeni washa nzuri, mkaze bila kutumia nguvu za ng'ombe. Uzi ukikatika, gharama yake ni kubwa.

6. Jazeni oili ya gia polepole mpaka ifike kwenye ukingo wa tundu la kujazia na kuanza kudondoka. Fungeni. Kesho yake chungulieni kama inavuja.

Oili gani? Fuateni kitabu cha chombo. Difu nyingi za namna hii hutaka 80W-90, yenye alama ya GL-5 kwenye mkebe. Msitie ile iliyotoka kwenye injini ati ni kuokoa pesa. Wala msitie oili ya difu kwenye injini. Na walio na pikipiki kubwa za zamani za shafti wajue kwamba baadhi zina oili mbalimbali: ya giaboksi, ya shafti na ya gurudumu la nyuma. Ulizeni kila moja.

Jambo lingine ni hiyo oili chafu. Tafadhali, msiimwage mtaroni. Maji ya Mto Njoro huishia Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto wa kutokea. Kinachoingia humo hubaki humo. Ndilo ziwa la kwanza la Kenya kuandikwa katika Mkataba wa Ramsar, mwaka wa 1990. Wekeni oili kwenye mtungi wenye kifuniko, mpeleke gereji inayokusanya oili chafu.

Mwishoni, turudi kwa yule kijana. Tulimwita mbele ya mkutano, tukamwomba msamaha na kumrudishia mshahara wake wote. Haikuwa rahisi, lakini ilikuwa haki. Siku hizi tuna daftari. Tunachungulia difu kila mwezi, na tunabadilisha oili mara mbili kwa mwaka, ya kwanza kabla ya mvua ya Machi. Dereva akisema anasikia sauti, inaandikwa siku hiyo hiyo, na kamati inajibu kwa maandishi.

Mnawakumbuka wale wanawali kumi na taa zao. Wote walikuwa na taa. Waliofungiwa nje ni wale waliosahau oili.

Basi mkirudi nyumbani, mwulizeni dereva wenu swali moja tu: oili ya difu ilibadilishwa lini? Akinyamaza, msimlaumu. Mjilaumu ninyi, kisha mtafute spana.

Mungu awabariki.