Kijana na Mavazi ya Dada Yake



Wazazi kadhaa wametuletea jambo moja. Kijana wa miaka kumi na mitano humkataza dada yake mkubwa kuvaa suruali, humwita mhuni mbele ya wadogo zao, na pengine humzuia mlangoni hadi abadili nguo. Wako wanaoona fahari: kijana wetu ana maadili. Sisi tunaona hatari.

Taifa letu limekwisha kulionja jambo hili. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, mawigi, nguo za kubana na mafuta ya kujichubua kuanzia Januari 1, 1969. Ilinenwa kuwa ni kuulinda utamaduni. Lakini kabla hata ya siku hiyo kuwadia, makundi ya vijana huko Kariakoo, Dar es Salaam, yaliwashusha wasichana kwenye mabasi na kuwachania nguo. Nchini Uganda, mwaka 2014, sheria dhidi ya picha za ngono ilipotiwa sahihi, wanawake walivuliwa nguo barabarani. Kijana anayemzuia dada yake mlangoni hayuko mbali sana na hao.

Hata hivyo, mzazi asimkejeli. Mketisheni kando, mumwulize maneno hayo ameyasikia wapi. Mara nyingi ndani yake mna hofu: wenzake wamemtania kwa ajili ya dada yake, naye ameona haya. Hofu hiyo isikilizwe. Akisema anatetea mila, aelezwe kwa upole kwamba wazee wa Buha walivaa nguo za magome ya miti, na kwamba kitenge anachokiita vazi la heshima kililetwa na biashara. (Wala si vibaya kuitazama suruali yake mwenyewe inavyoning'inia chini ya kiuno.)

Likiwapo neno la kumwambia binti kuhusu mavazi, ni la baba na mama, nao watumie kipimo kimoja kwa binti na kwa mvulana. Kijana anaweza kubaki na maoni yake, lakini mlango auache wazi. Na kama amekwisha kumtukana dada yake, aende mwenyewe kumwomba radhi, mbele ya wadogo wale wale waliosikia tusi.