Kupenda Mlima Tunapokaa: Maneno kwa Wakaaji wa Mweso

Wababa, wamama, na ninyi vijana mliosimama nyuma, njoni karibu mkae. Majani yana umande bado, lakini jua litayakausha upesi. Leo sikuja kukagua mashamba yenu. Nimekuja kusema nanyi juu ya mahali hapa tunapokaa: milima hii ya Mweso, na hewa yake, na mvua yake. Nauliza: je, tunapapenda? Au tunakaa hapa kama msafiri anayengoja motokari kando ya njia?

Nauliza hivi kwa sababu juma lililopita kijana mmoja aliniambia, "Mwalimu, hapa ni baridi na matope tu. Pesa ziko Rubaya." Mwenzake akataja Bisie, kule Walikale. Sikuwakasirikia. Mimi pia nilipokuwa kijana niliutazama mlima huu nikaona matope tu.

Sikieni kwanza habari ya nyanya yangu. Yeye alizaliwa Rwanda. Mwaka 1943 njaa kubwa ilianguka kule, watu wakaiita Ruzagayura, nayo ikaendelea mwaka 1944. Tangu mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji ilikuwa imeanza kuwahamisha watu wa Rwanda na kuwaleta Masisi, wengine wapate mahali pa kulima, wengine wafanye kazi katika mashamba makubwa ya Wazungu. Wahunde walikuwa hapa mbele yao. Milima ilikuwa na majina ya Kihunde, na ingali nayo.

Nyanya alifika hapa akiwa msichana, kikapo kichwani. Alituambia kwamba mvua ya kwanza ilimliza. Ukungu ulishuka hata hakuona nyumba ya jirani. Akapanda maharagi bondeni, mahali palipokuwa na udongo mweusi na laini, akafurahi. Yakaota, kisha yakaoza yote. Mama mmoja Mhunde alikuwa akipita kila siku kwenda mtoni. Aliona, wala hakucheka. Alimwambia, "Mwanangu, maji yanalala pale. Panda ubavuni mwa mlima, na bonde liachie viazi vitamu kwa siku za jua." Akampa mbegu za maharagi yake mwenyewe, zilizozoea baridi ya hapa. Nyanya alisema kwamba alianza kupenda Mweso siku alipoivua sufuria ya maharagi yale motoni.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba hapendi hapa, kabla hajajua hapa ni mahali pa namna gani. Na tutazame.

Kwa nini baridi? Kwa sababu tuko juu. Mtu akipanda mlima, kila mita 100 joto linapungua kama nusu ya digrii na zaidi kidogo. Walikale iko chini sana kuliko sisi, katika msitu, na kwa hiyo kuna joto. Kule michikichi inastawi, na mpunga pia. Lakini mtu wa kule akitaka viazi vya kizungu, atavitafuta kwetu. Kahawa ya arabika haitaki joto lile. Inataka usiku wa baridi kama wetu, tunda liive polepole. Na ng'ombe wa maziwa vilevile: milima ya Masisi inajulikana mbali kwa majani yake na jibini yake. Baridi ile unayoitukana asubuhi, ukijikunyata motoni, ndiyo inayokupa mali ambayo mtu wa bondeni hana.

Na mvua? Tuko karibu na mstari wa ikweta, digrii moja na kidogo upande wa kusini. Jua linapita juu ya vichwa vyetu mara mbili kila mwaka, na mvua kubwa inalifuata. Basi tunapanda mara mbili: mwezi wa kenda, na tena mwezi wa pili. Kuna nchi nyingi ambako watu wanapanda mara moja tu, na mvua ikikosa wanangoja mwaka mzima. Sisi tukikosa mwezi wa kenda, hatungoji hata miezi sita.

Udongo wetu nao unatoka katika milima ya moto. Wazee wetu walisimulia juu ya mwaka 1938, Nyamulagira ilipotapika. Mawe ya moto yalitiririka mpaka Ziwa Kivu karibu na Sake, na moto haukutulia mpaka mwaka 1940. Mkipita njia ya Sake, mtaona mawe meusi ambayo jembe haliwezi kuyaingia. Lakini mawe ya namna hiyo na majivu yake, yakinyeshewa miaka mingi sana, yakishikwa na mizizi, yanavunjika yanakuwa udongo wenye nguvu. Udongo huu unaoukanyaga ulichukua miaka maelfu kutengenezwa. Mvua moja ya saa moja inaweza kuupeleka mtoni.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, maana hapo pananiumiza. Baada ya mvua, nendeni mkatazame mto Mweso. Maji yake ni ya rangi gani? Ni mekundu kama chai yenye maziwa. Ile si rangi ya maji, ni mashamba yenu yanakwenda zake. Nimeona shamba ambalo zamani lilijaza magunia, na sasa mwenyewe anang'oa maharagi mafupi kama kidole, huku akisema kwamba mbegu zimerogwa. Mbegu hazina shida. Amelima mistari yake kutoka juu kwenda chini, na kila mstari umekuwa mfereji.

Sasa neno la machimbo. Sitawaambia kwamba pesa za machimbo ni mbaya. Nyumba nyingi hapa zimeezekwa mabati kwa pesa za koltani. Lakini tukumbuke pamoja. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda kama moshi, watu wakaacha majembe. Mwaka 2001 ikaanguka. Kule Bisie watu walianza kuchimba mawe ya bati mwaka 2002, maelfu wakaenda, na chakula chao kilibebwa mgongoni katika msitu, nacho kikauzwa ghali sana. Mwezi wa kenda mwaka 2010 serikali ikafunga machimbo yote ya Kivu na Maniema mpaka mwezi wa tatu mwaka 2011. Ndugu yangu mmoja alikuwa huko. Alirudi na viatu tu. Mke wake alikuwa hakuacha shamba. Walikula viazi vya mke yule miezi sita, naye ndugu yangu akachimba udongo wa juu badala ya udongo wa chini. Na mwaka 2019 kampuni ikaanza kuchimba Bisie kwa mashine, wala haikuhitaji mikono mingi kama zamani.

Kijana, ukitaka kwenda, nenda. Lakini usiache mlima wako uchi nyuma yako.

Juzi mama mmoja aliniuliza swali, sikuweza kulijibu upesi. Alisema, "Mwalimu, nipande miti kwa nini? Mwaka 1993 tulikimbia. Tukarudi, tukakimbia tena. Mwaka 2024 tulikimbia mabomu hapahapa Mweso. Kila mara nikirudi nakuta miti imekatwa makala." Nilinyamaza. Mama yule anasema kweli, na mtu asiyekimbia hawezi kumfundisha neno. Lakini baadaye nilikumbuka jambo moja. Majani ya tembo yakikatwa, yanaota tena. Yakichomwa moto, yanaota tena. Yule mama mwenyewe alipofika mlimani kwake, nyumba haikuwapo, lakini aliujua mpaka wa shamba lake kwa mstari wa majani aliyoyapanda. Akajenga pale.

Wengine mnasema, "Shamba si langu, nalikodi. Nikilitengeneza likawa zuri, mwenyewe atanifukuza." Hilo nalo limetokea, nimeliona. Basi kabla hujapanda kahawa au mti katika shamba la kukodi, patana na mwenyewe mbele ya mzee wa kijiji na mashahidi wawili, muandike karatasi: miaka mingapi, malipo gani, na miti ni ya nani. Akikataa kuandika, panda majani na maharagi tu, usipande miti. Majani utayakata ulishe mbuzi mwaka huohuo.

Na kazi yenyewe ni hii. Si ya gharama. Haitaki hata franka moja. Twaa miti miwili iliyonyoka, urefu wa mita mbili. Funga vichwa vyake pamoja, tanua miguu. Funga mti wa tatu katikati, kama mshipi. Kutoka kichwani ning'iniza kamba yenye jiwe. Simamisha chombo hiki, tia alama mahali kamba inapogusa mshipi. Kisha kigeuze, mguu wa kushoto ukae mahali pa mguu wa kulia, tia alama tena. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa nenda shambani. Mguu mmoja uache palepale, mwingine usogeze juu au chini mpaka kamba ilale juu ya alama ya katikati, kisha piga kijiti. Endelea hivyo mpaka mwisho wa shamba. Utaona vijiti vyako vinapinda na mlima kama nyoka. Usivinyoshe kwa macho, macho yanadanganya. Hapo panda majani ya tembo, mistari miwili ya karibu. Shuka kama hatua kumi, fanya mstari mwingine. Mlima ukiwa mkali, hatua tano. Mistari ya maharagi nayo ifuate majani, isishuke.

Na mkivuna maharagi, msiyang'oe pamoja na mizizi. Kateni shina. Kwenye mizizi kuna vifundo vidogo vinavyotunza mbolea iliyotoka hewani, nayo inabaki udongoni kwa mahindi yatakayofuata. Maganda na taka za nyumbani zirundikwe pamoja na samadi na majivu, zigeuzwe kila baada ya wiki chache, zisitupwe njiani.

Watoto wapewe kazi ya kuangalia mbuzi wasiingie katika majani mapya. Wazee wa kijiji wamekubali kwamba mbuzi atakayekamatwa, mwenyewe atapanda tena alipoharibu.

Kesho alfajiri tutaanza katika shamba la yule mama, maana amekubali, na shamba lake ndilo lenye mteremko mkali kuliko yote. Kila nyumba ilete mtu mmoja, na miti mitatu, na kamba. Jiwe tutalipata palepale. Vijana mnaokwenda Rubaya juma lijalo, njoni nanyi. Siku moja haitawachelewesha.