Kiungo Mkabaji Atoke Wapi?

Klabu yetu ya Arusha, JKT Oljoro, ilishuka Ligi Kuu mwaka 2014. Leo mji huu unajengewa uwanja wa mashabiki 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, na baada ya mashindano hayo lazima timu zetu ziujaze.

Ili ziujaze, zinahitaji vipaji. Kule Australia, ligi ya mpira wa sheria za Kiaustralia (AFL), ambao si soka, humpa aliyeshika mkia nafasi ya kwanza kuchagua vijana. Hapa kwetu kila klabu hujitafutia. Dirisha la usajili likifunguliwa, viongozi hukimbilia washambuliaji wenye majina, huku katikati na nyuma kunavuja: hakuna kiungo mkabaji, beki wa kushoto ni wa kuazimwa kutoka nafasi nyingine. Mabao matatu ya kufunga hayasaidii ukifungwa manne! Wasaka vipaji wapande gari la Namanga kutoka Arusha mjini, washuke njiani Oldonyo Sambu, wawatazame vijana wenye pumzi.